Mjadala: Harakati zisizo na kiongozi ni werevu au ni udhaifu?

Mtoa mada: Watafiti wa harakati za kimaendeleo wanabishana iwapo kuacha uongozi ni mbinu ya zama hizi au ni kasoro iliyopambwa. Mwaka 2017 mwanasosholojia Zeynep Tufekci, aliyefuatilia maandamano ya Misri na Uturuki, alieleza kuwa mitandao huwajaza watu barabarani kabla hawajazoea kuamua mambo pamoja, na serikali ikibadilisha mbinu, umati huo hukwama. Namuunga mkono. Juni 2024 niliwaona vijana hapa Mombasa, Moi Avenue, chini ya sanamu za pembe za ndovu, wakiandika madai yao kwenye vipande vya maboksi, na tarehe 26 Rais Ruto akakataa kutia saini Mswada wa Fedha waliokuwa wakiupinga. Kufikia Agosti, Hassan Joho, gavana wetu wa zamani kutoka upinzani, alikuwa waziri katika serikali ileile. Nani alikuwa ametumwa na vijana kusema kwamba wamekubali au wamekataa?

Mchangiaji: Mwalimu, kwa heshima, umeruka historia ya mji wako. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na reli waligoma, wakawa wanakutana kila siku Kiembeni, mahali walipopaita Ofisi ya Maskini, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao. Agosti mwaka huohuo alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo, na shirikisho likafifia. Mkoloni alihitaji pingu za mtu mmoja tu. Vijana wanaposema hawana kiongozi, wamelisoma somo hilo, hata kama hawajawahi kulisikia jina la Kibachia.

Mtoa mada: Hapo umenibana, ila hukufika 1955, bandari ilipogoma tena na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akawasemea wafanyakazi hadi wakaongezwa mshahara kwa takriban asilimia 33. Isitoshe, Jo Freeman, mwanaharakati wa haki za wanawake wa Marekani, alishaonya miaka ya 1970 kwamba kundi linalodai halina viongozi huwa nao, ila hawawajibiki kwa yeyote. Tarehe za maandamano yetu zilipangwa na nani, kama si wenye akaunti zenye wafuasi wengi?

Mchangiaji: Basi tuwe na wasemaji wa zamu, wanaobadilishwa kila mwezi, ili kumkamata mmoja kusivunje kitu.

Mtoa mada: Nitakubali ukinionyesha mahali watakapochaguliwa. Wagomaji wa 1947 walikuwa na Kiembeni, ambako mtu alisimama akapinga mbele ya wenzake. Sisi tuna kundi la simu ambalo msimamizi wake humwondoa anayembishia.