Binti mwenye ovari zisizofanya kazi: je, aache homoni akishaona siku zake?

Mama wa Newala
Habari zenu, ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 17 na hajavunja ungo, ilhali wenzake waliochezwa unyago pamoja naye wameshapevuka. Hospitali walimpima damu na kumpiga ultrasaundi, wakatueleza kwamba ovari zake, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, hazifanyi kazi, na wakamwanzishia vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, kwa dozi ndogo. Majirani wanadai kuwa hivyo ni vidonge vya majira na vitamharibu kizazi. Je, ni kweli? Na akishaona siku zake, anaweza kuviacha?

Muuguzi, Lindi
Shikamoo mama. Kizazi hakiharibiki, estrojeni ndiyo inayokikuza, pamoja na matiti, na ndiyo inayoimarisha mifupa, ambayo bila homoni hii huanza kudhoofika mapema mno. Kwa hiyo dawa haiachwi hedhi ikitoka, bali huendelea hadi kwenye miaka 50 hivi, umri ambao wanawake wengi hukoma hedhi. Dozi hupandishwa taratibu kwa miaka 2 au 3, kwa kufuata namna mwili unavyokua, na baadaye huongezwa projesteroni, homoni nyingine ya kike, kwa kuwa estrojeni ikitumika peke yake kwa muda mrefu hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba na kuleta hatari ya saratani. Nakuomba sana usikubali projesteroni hiyo irukwe. Vidonge vya majira vina dozi kubwa mno kwa binti anayeanza kupevuka, ndiyo maana hakuanzishiwa hivyo.

Dada wa Masasi
Shikamoo mama. Mimi nilizaliwa na hali ya Turner, yaani kuwa na kromosomu X (nyuzi za urithi ndani ya seli) moja badala ya mbili, na ninatumia homoni hizo. Muulize daktari kama binti amepimwa kromosomu, kwa sababu ikiwa ni Turner, moyo, shinikizo la damu, tezi ya shingo na masikio pia vinahitaji kuchunguzwa. Tena mweleze binti mwenyewe ukweli wote, kwani anayeijua sababu ya dawa yake hatayumbishwa na maneno ya majirani.

Mama wa Newala
Marahaba, wanangu. Kromosomu hatukuambiwa; nitauliza kliniki ijayo. Je, kuna dalili ya hatari ninayopaswa kuiangalia?

Muuguzi, Lindi
Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, mwahishe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana huenda damu imeganda kwenye mshipa.