RE: RE: RE: Van, pikapu au tela kwa kazi za ukarabati??

Habari za jioni wadau. Leo nimegeuzwa getini dampo la kaunsili, nimebeba kifusi cha bafu la mteja kwenye van ya kuazima, kijana akasema hii taka ya biashara, hata pemiti hupati. Sasa nataka gari langu la kazi: bafu, jiko, jipsam bodi, rangi. Ninunue van ya kati, pikapu dabo kebini, au nibaki na steshen wagon nivute tela?
Fundi wa Croydon

Fundi chukua Transit Custom, ile van ya kati ya Ford, usiumize kichwa. Jipsam bodi ya milimita 2400 kwa 1200 inalala flati na mlango unafungwa, kwenye pikapu kwa mvua hizi utamfikishia mteja uji. Ila uko Croydon, ULEZ, ile tozo ya London kwa magari yenye moshi mchafu, imewafikia tangu Agosti 2023, dizeli ambayo haijafika kiwango cha moshi cha Euro 6 ni £12.50 kila siku unayoendesha. Cheki V5C, kadi ya usajili wa gari.
Mama Luton

Dada V5C za zamani hazionyeshi Euro, aweke namba ya gari kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri London. Na mbona hamsemi uzito?? Watu mnaangalia nafasi tu. Chukua MAM, yaani uzito wa juu unaoruhusiwa gari likiwa na mzigo, toa uzito wa gari, toa dereva, msaidizi na zana, kinachobaki ndo mzigo wako. Saruji mifuko 40 ya kilo 25 ni tani nzima, van nyingi za kati hapo zimefika mwisho au zimezidi.
Mzee wa Slough

Shikamoo mzee. Jamani tatizo la Fundi si gari, hata aende na baiskeli taka ya kazi ni ya biashara. Ajisajili kubeba taka Environment Agency (mamlaka ya mazingira), daraja la juu (upper tier), maana kifusi cha ujenzi hata ukikitoa mwenyewe daraja la chini (lower) halikuhusu. Na bima iwe ya biashara.
Binti Leeds

Hiyo ni England. Huku Scotland mamlaka ya mazingira ni SEPA, msichanganye watu.
Kaka Dundee

Nyumbani Tanzania kirikuu, kale kapikapu kadogo, kinabeba mchanga, mbao na mafundi wawili juu, nani anauliza Euro 6. Ningerudi hata kesho ila pasipoti ya huku ndo imenitoa uraia, na uraia pacha kila uchaguzi tunaambiwa subirini.
Mama Luton

Wakenya mnao tangu katiba ya 2010, msitucheke.
Mzee wa Slough

Hatucheki mzee, ila ushuru wa gari bandarini tunalia wote.
Kaka Dundee