Sadaka, zaka na stipendi: ipi inabaki parokiani, ipi inakwenda jimboni?

Mhazini_Urambo
Tumsifu Yesu Kristo. Kamati yetu mpya ya fedha, parokia ya vijijini wilaya ya Urambo, inaomba msaada wa wanaojua.
1. Kuna Jumapili sadaka nzima inapelekwa jimboni, na waumini wananung'unika kwamba kanisa lao bado halijaezekwa.
2. Mchango wa bati umefika 3,200,000. Gari la parokia limekufa gia boksi. Je, tunaweza kuazima humo?
3. Novemba, mwezi wa marehemu, yanasomwa majina arobaini kwa Misa moja. Stipendi zote hizo, yaani sadaka anazotoa muumini ili Misa iadhimishwe kwa nia yake, ni za nani?
4. Kila mkutano lazima asimame mtu aseme Roma ina hela, ije ijenge. Tunamjibu nini?

Kalamu_Nyekundu
Milele, amina. Naanza na bati, maana hapo ndipo parokia nyingi zinapogombana.

Msiazime. Kanuni ya 1267 ya Sheria ya Kanisa, kifungu cha 3, inasema sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Aliyetoa 20,000 ya bati ametoa bati, hajatoa gia boksi, na kura ya halmashauri ya walei haibadilishi hilo. Tena angalieni kalenda yenu ya Urambo. Mkiazima Septemba, hela ya kurudisha itategemea malipo ya tumbaku ya mwaka unaofuata. Katikati hapo mvua inashuka, mbao za kenchi zinanyeshewa, zinapinda, na mnajikuta mnanunua mbao upya kabla hata ya bati. Fungueni akaunti ya ujenzi peke yake, watia saini watatu, hela isitoke bila saini mbili.

Gari linatengenezwa kwa zaka na sadaka za kawaida. Shida ya zaka kwenye maeneo ya tumbaku ni kwamba inakuja kwa mkupuo wakulima wakishalipwa, halafu Desemba hadi Machi bahasha zinarudi tupu. Kwa hiyo wakati wa neema wekeni kando gharama za miezi minne zisizokwepeka: mshahara wa mlinzi, mpishi na katekista, hostia na divai, mafuta ya kwenda vigangoni (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia). Msisahau NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa walioajiriwa: ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Parokia zinaiacha, deni linakua kwa adhabu, anakuja kulipa paroko mwingine kabisa.

Jumapili mnazolalamikia ni michango maalumu. Ijumaa Kuu ni kwa Nchi Takatifu. Karibu na tarehe 29 Juni ni mchango wa Mtakatifu Petro, wa kumsaidia Baba Mtakatifu. Jumapili ya pili kutoka mwisho wa Oktoba ni ya Misioni. Askofu naye anaweza kuagiza mingine (kanuni 1266). Hizi haziguswi, zinapelekwa zote. Kosa linalofanyika ni kutotangaza: mtu anatoa akidhani ni sadaka ya kila siku, baadaye anasikia imeondoka. Tangazeni Jumapili inayotangulia, na jimbo likiruhusu mpitishe vikapu mara mbili. Mchango wa kila parokia kwa jimbo ni kitu kingine: askofu anaupanga baada ya kusikiliza halmashauri ya uchumi na baraza la mapadre (kanuni 1263), na unapaswa kulingana na mapato.

Mama_Vocha (Kasulu)
Kwenye stipendi Kalamu ameruka, nami nijazie.

Kiwango kinapangwa na maaskofu wa kanda ya kikanisa (kanuni 952), na Kigoma iko kanda ya Tabora pamoja na Kahama na Mpanda. Paroko haongezi kwa matakwa yake. Asiye na kitu anaruhusiwa kuombewa bure, na Kanisa linawahimiza mapadre kufanya hivyo.

Sheria ya msingi ni nia moja, Misa moja. Majina arobaini pamoja yanaruhusiwa kwa amri ya mwaka 1991: watoaji waambiwe na wakubali, siku na saa zitangazwe, isizidi siku mbili kwa wiki. Padre anabaki na stipendi moja tu. Tuseme kiwango ni 5,000 na zimekusanyika 200,000: 195,000 zinakwenda kwenye malengo aliyoweka askofu. Padre akiadhimisha Misa tatu vigangoni kwa siku moja, ni vilevile, anabaki na moja, isipokuwa Noeli. Na kila Jumapili paroko ana Misa moja kwa ajili ya waamini wa parokia yake, ambayo haina stipendi.

Nunueni daftari la nia: tarehe iliyopokelewa, nia, kiasi, tarehe iliyotimizwa. Bila safu hiyo ya mwisho hamtajua Misa zipi bado ni deni.

Mvuvi_Ujiji
Namba 4. Roma haina kodi inayotukata sisi wala mfuko wa kuezekea makanisa. Mnachofananisha ni Ujerumani, ambako serikali inakusanya kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato ya muumini, na hela inabaki kwa majimbo ya hukohuko. Sisi tunapata ruzuku kupitia Mashirika ya Kipapa ya Misioni, na ruzuku hiyo inatoka kwenye kikapu hichohicho cha Oktoba dunia nzima. Kardinali Rugambwa, aliyekuwa askofu wetu Kigoma na sasa yuko Tabora, ndiye aliyeyaongoza tangu 2012 hadi 2017, kwa hiyo si habari za mbali sana.

Mkiomba ufadhili wa jengo, barua ipite kwa askofu, na iambatane na ramani, makadirio ya fundi, hati ya kiwanja na ushahidi wa mlichochanga wenyewe. Ile 3,200,000 ikiliwa na gari, kiambatisho hicho hamna.

Mhazini_Urambo
Asanteni sana. Na mavuno? Tunapokea mahindi, maharage, na ndugu wa Kigoma wanasema wao wanaletewa mawese.

Mama_Vocha (Kasulu)
Pimeni siku ya kupokea, si siku ya kuuza. Andikeni kilo, si "gunia", kwa sababu gunia la lumbesa (lililojazwa kupita kiasi) na la kawaida havilingani. Mawese pimeni kwa lita, dumu la 20 halijai kila mara. Mahindi mabichi yanapoteza uzito yakikauka, na maharage yanaliwa na wadudu mkisubiri bei. Kwa hiyo kilo za kuuza zitapungua tu. Msizijaze kwa makadirio. Ziandikeni zilivyo, sababu pembeni, na mnunuzi asaini.

Sadaka ya kapu nayo: wahesabu watatu wasio ndugu, palepale baada ya Misa, karatasi ya noti kwa noti, Jumatatu benki. Fundi akilipwa moja kwa moja kutoka kapuni, mapato hayaonekani na matumizi hayaonekani.