Tunataka kuasili mtoto, lakini ukoo unauliza habari za kihamba

Mke wa Machame

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunaishi Moshi mjini, na kwao ni Machame. Tumejaliwa mabinti wawili, na baada ya kuomba na kushauriana kwa muda mrefu tumekubaliana kuasili mtoto kutoka makao ya watoto, yaani awe mwanetu kisheria, wa kiume au wa kike, yeyote tutakayepewa. Mchungaji ametuunga mkono na afisa ustawi wa jamii ametupokea vizuri. Tatizo liko mlimani. Mume wangu ni kitinda mimba, kwa hiyo kwa desturi ndiye anayebaki na nyumba ya baba pamoja na kihamba chake, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, na shemeji zangu wanaona kwamba tukipata mvulana tutakuwa tumemwingiza mgeni ndani ya masale, ile mimea inayoweka mpaka wa kihamba. Wanashauri tumlee tu bila kwenda mahakamani, tumsomeshe, akikua ajitegemee. Baba mkwe hakusema neno baya, alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akasimamisha panga na kuuliza, "Huyo mtoto atazikwa wapi?" Nilikosa jibu. Je, kwa Mkristo inatosha kulea bila kuasili? Na wazee tuwaendee kabla ya mahakama au baada yake?

Wakili wa Arusha

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Ushauri wa shemeji zako unasikika kuwa wa huruma, lakini unamwacha mtoto hewani, kwa sababu mtoto anayelelewa tu hana haki ya kudai chochote siku mtakapokuwa hampo, hata kama amewaita baba na mama maisha yake yote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka amri ya kuasili itolewe na Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Moshi na Arusha pia. Kabla ya hapo Ustawi wa Jamii watawachunguza ninyi na nyumba yenu, na mtapitia kipindi cha malezi ya kambo, yaani kukaa na mtoto nyumbani kwenu kabla ya amri. Kwa wanandoa wanaoomba pamoja, walau mmoja awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Amri ikishatolewa, mtoto anahesabiwa kana kwamba mmemzaa ninyi katika ndoa, na mzazi aliyemwasili akifariki bila wosia anarithi kama mtoto wake wa kumzaa. Mtu yeyote akiwaomba fedha ili "awapatie" mtoto, ondokeni hapo, kwa maana hilo ni kosa la jinai.

Hata hivyo kuna jambo ambalo watu wengi hawalitazami. Amri hiyo inamfunga mtoto na ninyi mliomwasili, ilhali kihamba bado ni cha baba mkwe. Mahakama haitampa mjukuu ardhi ambayo babu bado anaimiliki. Kwa hiyo mwombeni mzee, kwa heshima na bila haraka, amkabidhi mwanawe kihamba kwa maandishi angali hai, mbele ya mashahidi wa ukoo.

Mama wa Usa River

Mwanangu, mimi nimepita njia hiyo, na kijana wangu sasa yuko kwenye mafundisho ya kipaimara. Nenda kwa wazee mapema, kabla ya mahakama, lakini usiende kuomba ruhusa. Nenda kuwapa habari. Ukiomba ruhusa, kila binamu atakuwa na kura. Mume wako ndiye azungumze, nawe ukae karibu. Jambo jingine: mtoto asifichwe ukweli, maana katika vijiji vyetu siri ya namna hiyo huvuja kisimani au kwenye ugomvi wa watoto, na uchungu wake ni mkubwa kuliko kama angeambiwa polepole na mama yake.

Kuhusu imani, watu wengi hutaja Mordekai aliyemlea Esta, na ni mfano mzuri, lakini haujibu swali la urithi. Msomeeni baba mkwe Mwanzo 48. Yakobo anawatwaa Efraimu na Manase, anasema watakuwa wake kama Reubeni na Simeoni, na kila mmoja wao akahesabiwa kabila lenye fungu lake la nchi.

Mzee wa Ukoo

Mama, nakuheshimu, ila hapo umeteleza. Efraimu na Manase walikuwa wana wa Yusufu, yaani damu ya Yakobo mwenyewe. Wazee wa Machame wanaijua Biblia. Watakurudishia jibu hilo kabla hujafunga kitabu.

Mama wa Usa River

Ni kweli, baba, na shikamoo. Basi wafungue Mathayo 1. Ukoo wote umeorodheshwa, kutoka Abrahamu kupitia Daudi hadi Yusufu mume wa Mariamu, na Yusufu huyo hakumzaa Yesu. Alimpa jina, na kwa kufanya hivyo mtoto akahesabiwa wa nyumba ya Daudi. Anayesema kwamba ukoo ni damu peke yake atueleze orodha ile iliandikwa ya nini.

Mzee wa Ukoo

Marahaba. Hilo sina la kulijibu. Ninaongeza tu kwamba apewe jina la ukoo siku ya ubatizo, na babu yake awepo kanisani.

Mke wa Machame

Asanteni sana, wakili na wazee wangu. Mume wangu amesoma yote haya na amesema tutapanda Machame Jumamosi, yeye ndiye atazungumza. Habari ya maandishi ya kihamba ataiacha kwanza hadi baba mwenyewe aigusie, kwa sababu anaogopa ionekane kwamba tunamtaka mtoto kwa ajili ya ardhi. Lakini lile swali la baba mkwe atalijibu siku hiyohiyo: atazikwa pale tutakapozikwa sisi.

Wakili wa Arusha

Sawa, dada, ila msichelewe sana na hayo maandishi. Na fomu za Ustawi wa Jamii zisisubiri kikao cha ukoo. Mambo hayo mawili yaende pamoja.