Tupeane uzoefu: anayeandika vitabu vya kanisa ndiye huyohuyo anayevikagua

Mwana wa Rau (Moshi)
Shalom wapendwa. Jambo hili linaniuma. Mtaani kwetu mzee mmoja wa kanisa aliandika daftari la sadaka kwa miaka, kwa kujitolea, bila hata nauli. Mjumbe wa ukaguzi alipohamia Dodoma, baraza likamwomba mzee huyohuyo azibe nafasi, maana ndiye anayejua hesabu. Akaandika, akakagua, akasaini. Mchango wa bati ulipokwisha, waumini wakaona pengo kati ya ahadi zilizosomwa na fedha iliyopatikana. Baadaye tulipopitia bahasha mojamoja tuligundua sehemu kubwa ni ahadi ambazo hazikulipwa. Lakini siku ya mkutano mzee alisimama peke yake. Kila karatasi aliyoonyesha ilikuwa mwandiko wake, na taarifa ya ukaguzi nayo ni yake. Hata waliomwamini hawakuwa na cha kumtetea nacho. Siku hizi anasali usharika mwingine.

Sitafuti mwizi hapa. Naomba mtueleze kwenu nani anaandika, nani anakagua, na mlipowatenganisha kulitokea nini.

Mama Ngaramtoni
Kwetu shida ilikuwa mnada. Sadaka ya ibadani inahesabiwa na watu watatu, wanasaini, imekwisha. Mnada je? Mkungu wa ndizi unafika 15,000, aliyeuchukua anasema nitalipa Jumapili ijayo. Trei ya mayai inanunuliwa, inarudishwa, inanadiwa upya. Jogoo wamechangia watu wanne wamzawadie mgeni, wawili wametoa, wawili bado. Anayeandika yote hayo ni mtu mmoja, amesimama juani katikati ya kelele, na kwetu ndiye aliyekuwa mkaguzi wa robo mwaka. Sasa akae akague nini? Deni ambalo hakuliandika halipo popote.

Tuligawa kazi. Kijana wa kwaya anaandika nakala mbili. Moja ya mtunza hazina, nyingine inafungwa palepale kwenye bahasha ya wakaguzi, hafungui mtu hadi mwisho wa robo. Robo ya kwanza tu yakaibuka madeni yaliyosahaulika, na wengi wakalipa kwa moyo mweupe. Walikuwa wamesahau kweli.

Mwanajumuiya Njiro
Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu si mtu mmoja, ni nyumba moja. Mke ni mhazina, mume ni mkaguzi. Watu wema wote wawili. Nilipouliza kikaoni niliambiwa nina wivu.

Mhasibu Arusha
Ndugu wa Njiro, uliuliza vema, usirudi nyuma. Kanuni za maadili za kimataifa tunazofuata wahasibu zinataja hatari tano kwa mkaguzi, na mbili ndizo hizi za kwenu: kukagua kazi uliyoifanya mwenyewe, na ukaribu na unayemkagua. Hazimwiti mtu mwizi. Nikiandika 45,000 badala ya 54,000, nikirudi kukagua nitasoma 45,000 na kuona sawa, kwa sababu ndivyo ilivyokaa kichwani. Hata cheti cha NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, hakiliondoi hili. Mwenye cheti hicho, yaani CPA, aliyetunza vitabu vyenu mwaka huu, hesabu za mwaka huu akague mwingine.

Na mkaguzi asianze na leja, yaani daftari kuu la hesabu. Aanze na vitabu vya stakabadhi, aone namba zinafuatana, aende kwenye hati za kuweka fedha benki, kisha taarifa ya benki aichukue benki yenyewe, asitumiwe picha na mhazina. Leja iwe ya mwisho.

Mzee wa Kibosho
Huku mlimani tunaoweza leja ni wawili, na mmoja macho yamechoka. Vyama vya kahawa vina COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, tangu 1982, kanisa dogo halina. Tukaamua kubadilishana na mtaa wa jirani: mwandishi wetu anawakagua wao, wa kwao anatukagua sisi. Gharama yake chai na bodaboda. Mwanzoni palikuwa na kinyongo, watu wakisema siri zetu zinavuka mto. Mwinjilisti akasimama akasema sadaka iliyowekwa madhabahuni haina siri. Ikapita.

Mama Ngaramtoni
Baba, na mkianza kuoneana haya? Leo nikufichie, kesho unifichie.

Mzee wa Kibosho
Hilo lipo, mama. Ndiyo maana tumeingiza mtaa wa tatu, tunakwenda kwa mzunguko.

Binti wa Soweto (Moshi)
Mimi ndiye mwandishi kwetu. Niliombwa nisaini na ukaguzi, nikakataa. Mchungaji akaniuliza, "Kwani umeona tatizo?" Nikamjibu, "Hapana, Baba Mchungaji, ndiyo maana nataka mtu mwingine naye aangalie." Wazee wawili walinuna. Akaletwa kijana wa usharika anayesoma uhasibu Chuo Kikuu cha Ushirika. Alichokikuta: laini ya kupokelea sadaka za simu imesajiliwa kwa jina la mzee mmoja, ujumbe wa miamala unaingia kwake tu, mimi naandika anachonisomea. Baraza halijaamua. Tunahamishaje bila kumvunjia mzee heshima?

Mhasibu Arusha
Dada, azimio la baraza liseme tu kwamba kuanzia tarehe fulani sadaka zote za simu zinaingia namba ya usharika. Lisimtaje mtu. Mzee mwenyewe awe kwenye ujumbe unaopeleka barua kwa kampuni ya simu. Wakati mnasubiri, kila mwezi mwombeni aende na mjumbe mmoja wachukue taarifa ya miamala iliyochapishwa, na wewe uandike kutoka kwenye karatasi hiyo, usiandike tena kwa kusomewa.