Tanga linalopepea, meza inayozunguka au feni ya hologramu: nichukue ipi?

MwanaLangoni: Assalamu aleikum waungwana. Nina kibanda kwenye maonyesho ya utamaduni hapa Lamu, Novemba. Nataka picha za majahazi na milango ya nakshi zionekane juu ya kitu kinachotembea, ili wapitao wasimame. Nimebaki na njia tatu: kumulika kwa projekta tanga linalopepea, kumulika mfano wa jahazi juu ya meza inayozunguka, au feni ya hologramu, ile yenye vitaa kwenye mapanga vinavyochora picha hewani ikizunguka. Pesa natoa wiki hii.

FundiStima: Waaleikum salaam. Ndani au nje? Mchana au usiku? Projekta ni lumeni ngapi, yaani mwanga wake una nguvu gani? Hujasema hata moja.

BiMkomani: Na bajeti je?

NahodhaShela: Tanga, bila shaka. Shona kitambaa cha marekani, upepo upo.

Mmalindi: Ndugu, upepo huo ndio uliotuponza. Huku Malindi tulimlipa mtu atutundikie pazia jeupe ufuoni. Jioni upepo ukashika, pazia likawa linakuja mbele na kurudi nyuma. Likirudi picha safi, likija picha imevurugika, kwa sababu projekta ya kawaida hukaza picha kwa umbali mmoja. Tukamwambia alifunge chini. Akalikaza kwa kamba hadi likasimama kama bati. Halafu mashine yenyewe haikuwa tuliyokubaliana, ilikuwa dhaifu, taa za barabarani zikaimeza picha. Watu wakapita kwenda kula viazi karai. Pesa hakurudisha hadi leo.

FundiStima: Ndiyo maana nasema meza. Mwendo wake unajulikana, video unaitengeneza kabla. Weka tu kihisi kinachoashiria mwanzo wa kila mzunguko, la sivyo picha itahama kidogo kidogo. Kitu kikienda ovyo lazima kamera ikifuate, na hapo adui ni kuchelewa: kikienda mita 1 kwa sekunde na mfumo ukachelewa milisekunde 50, picha inabaki sentimita 5 nyuma. Projekta ya DynaFlash ya Chuo Kikuu cha Tokyo hutoa picha 1,000 kwa sekunde na huchelewa milisekunde 3. Zetu nyingi ni picha 60.

NahodhaShela: Tanga halihitaji hayo yote. Usimulike mlango, mulika maji na samaki. Kitambaa kikijikunja, mawimbi yanazidi kupendeza.

BiMkomani: Feni ina mwanga wake, haitaki giza totoro. Ila iwe ndani ya kisanduku cha kioo. Mapanga yakizunguka hayaonekani, na watoto hawaachi kugusa.

MwanaLangoni: Shukran. Ni uani, kuanzia magharibi. Lumeni 3,000.

Mmalindi: Na Novemba kaskazi ishaanza. Jihadhari.

NahodhaShela: Haijakaza, yakhe. Ni maleleji, upepo hauna upande.

Mmalindi: Huo usio na upande ndio mbaya zaidi kwa kitambaa!

BiMkomani: Kuna mwenye mota ya kwenda polepole anauza? Hata mimi naitaka.

FundiStima: Ya kubeba uzito gani? Na MwanaLangoni, jahazi lako lina urefu gani?