Ubaridi wa kutoka chini kwenye hema: matresi gani inafaa Kilimanjaro?

Binti_Changombe
Habari za jumapili wakuu. Naombeni msaada kabla sijapoteza hela nyingine. Mwezi wa sita mimi na mume wangu tulilala Ngorongoro, pale Simba kambi ya juu ukingoni, kwa wasiopajua pako zaidi ya mita 2,000 na baridi yake si ya mchezo, tulikuwa na lile godoro la kujaza upepo la watu wawili, nene hatari, ukishalipiga pampu linakaribia magotini, nikasema hapa nalala kama niko home. Wapi! Saa nane usiku naamka mgongo umekuwa barafu, juu nina slipingi begi na shuka la kimasai na sweta mbili, kifuani jasho linanitoka huku makalio yamekufa ganzi. Mume wangu akigeuka kwake mimi narushwa kwangu kama niko kwenye mtumbwi. Nje pundamilia wako hapo hapo pembeni ya hema nawasikia wanavyong'oa majani, hata kutoka kwenda chooni naogopa. Asubuhi godoro limelegea nusu na tundu hatujaliona mpaka leo.

Sasa Desemba tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Kampuni inasema itatupa matresi ila kwenye picha naona kijisponji tu kama cha kochi. Ninunue ya kwangu? Ya upepo au ya foumu? Na mimi nalala ubavu, mgongo wangu umeshazaa watoto wawili, msiniambie nilale chali.

Mzee wa Kiti Moto
Pandeni Marangu dada, kule kuna vibanda na vitanda vyenye magodoro, mjadala umefungwa 😂

Mgumu_Mstaafu
Mzee hapo juu kaongea kweli ila walishaamua Machame, na Machame hamna kibanda, ni hema kila usiku.

Dada pole. Mlima ndo ofisi yangu, nilianza kama mgumu, nimebeba mizigo ya watu kabla sijaanza kuongoza wageni, kwa hiyo haya magodoro nimeyabeba na nimeyalalia. Kilichowaponza ni ule unene. Godoro la namna ile ndani ni tupu, hewa tu, na kila mkijigeuza ile hewa inasukumwa huku na huku, iliyopata joto mgongoni kwako inachanganyika na ya baridi ya chini, usiku kucha wewe ndo jiko unapasha udongo wa Ngorongoro. Na slipingi begi unayoilalia haikusaidii kwa chini, ule ujazo wake ukishagandamizwa na uzito wako unabaki kama shuka. Ndo maana juu unatoka jasho chini unaganda.

Kitu cha kuangalia ni namba ya R, watengenezaji wa maana wanaiandika kwenye mfuko au kwenye matresi yenyewe. Ikiwa kubwa joto halikimbilii chini. Zamani kila kiwanda kilikuwa kinajipimia kivyake, toka 2018 kuna kipimo cha pamoja kinaitwa ASTM F3340 kwa hiyo sa hivi unaweza kulinganisha za kampuni mbili bila kudanganywa sana. Zile mati za foumu za kukunja kunja zinakuwa kama 2. Kambi ya Barafu tunalala mita 4,600 na kitu, maji ya chupa yanaganda ndani ya hema, mgeni wangu nataka awe na 4 kwenda juu. Uzuri ni kwamba namba zinajumlishwa. Mati ya 2 chini, matresi ya upepo ya 3 juu yake, hiyo 5, unalala.

Kwa hiyo kijisponji cha kampuni usikidharau, kichukue ukiweke chini halafu leta ya kwako ya upepo yenye kitambaa cha kuzuia joto ndani, hizo hata zikiwa nyembamba kuliko godoro lenu zinawapita mbali. Kwa sababu unalala ubavu tafuta ya sentimita 7 au 8. Ukiijaribu, lala ubavu afu ingiza kiganja chini ya nyonga, ukiona nyonga inagusa sakafu hiyo siyo yako.

kadogo_wa_Moshi
Naongezea, msinunue mpya kama mfuko haujashiba. Hapa mjini kuna wanaokodisha na mitumba nayo inaleta, mimi yangu ya kujijaza yenyewe (ile yenye sponji ndani, unafungua valvu inavuta hewa) nimeitoa mtumbani. Ila ikague. Ipulize ikaze, ikunje katikati, ikalie, tega sikio kwenye valvu na kwenye kona. Na ukiona imefura sehemu moja kama kitumbua achana nayo, kitambaa kimeachana na sponji ndani, hiyo haitengenezeki.

Wa Nanyuki
Salamu kutoka huku kwa jirani. Hilo godoro la dada huenda hata halina tundu. Mlilijaza jioni hewa ikiwa na joto, usiku ikapoa ikasinyaa, lazima lilegee. Huku Mlima Kenya watu wanaamka pale kambi ya Shipton's wakilia ati pad imetoboka, kumbe ni baridi tu. Jaza, ngoja kama nusu saa ipoe, ongeza pumzi kidogo ndio ulale. Mchana ni kinyume, usiiache imekaza ndani ya hema kwenye jua, itavimba mpaka mishono iachie.

Na ukitaka kuhakikisha, weka ndani ya karai kubwa au bafuni, izamishe kipande kwa kipande huku ukiibana, fuata mapovu. Ikiwa kubwa paka maji ya sabuni na sponji ya vyombo. Zungushia tundu duara la kalamu SAA HIYO HIYO, mimi nilijifanya nitakumbuka, ikakauka, nikaanza upya. Pangusa na spiriti, ikauke kabisa, weka kiraka kilichokuja nayo. Ile solushen ya tyubu ya baiskeli usiitumie, ni ya mpira, kwa nailoni inabanduka.

Fundi Turubai
Napingana kidogo na mgumu. Kwa anayepiga kambi mbugani kwa gari mambo ya R kubwa ni kutupa hela, Mikumi au Ruaha adui ni mwiba wa mgunga. Foumu ikichomwa na miiba kumi bado unalala. Kabla sijasimamisha hema nafagia kwa mguu, kisha napapasa kwa mkono, halafu turubai, halafu mkeka, ndo matresi.

Mgumu_Mstaafu
Fundi hapo tuko pamoja, kila mahali na chake. Dada la mwisho, usipulize kwa mdomo kama ina mfuko wake wa kupulizia, mvuke wa pumzi unabaki ndani na baada ya muda unaota ukungu. Ukirudi nyumbani ifute kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ianike kivulini valvu wazi. Ya kujijaza isikae imekunjwa kwenye mfuko, iache imelala chini ya kitanda, sponji lisije likasahau kuinuka.

Binti_Changombe
Asanteni sana jamani, nimecheka na nimejifunza. Nimetoka kulizamisha lile godoro kwenye beseni la kufulia, mapovu hamna hata moja, mume wangu kanuna maana alishalitupia lawama begi langu lenye zipu. Ila lile la watu wawili silibebi tena, nachukua mbili za mtu mmoja mmoja. Sasa mgumu, zikiwa mbili usiku si zinaachana mtu unaangukia katikati?

Mgumu_Mstaafu
Zinaachana. Zifungeni pamoja na mikanda miwili, mmoja mabegani mmoja magotini, na kijisponji cha kampuni kipite chini ya zote. Mwambie mume wako alale upande wa mteremko.